Daftari la Nyumba Kumi

Kwetu Goma, mashariki ya Kongo, miaka ile ya RCD, waasi walioushika mji, serikali ilianzia kwa mzee wa nyumba kumi. Hizo kumi zilikuwa za jina tu. Wetu, pale kartie (kata) ya Murara, alikuwa na nyumba nyingi zaidi, na zote zilikuwamo ndani ya daftari moja lenye jalada gumu jeusi. Kila nyumba ilikuwa na ukurasa wake: jina la mwenye nyumba, mke au mume, watoto na umri wao, kazi, kijiji cha asili, wapangaji, na mwisho kabisa safu ya wageni. Nani amelala kwako, ametoka wapi, ameingia tarehe gani, ataondoka lini. Ukimlaza mgeni bila kumwandikisha, hata awe shangazi yako aliyekuja kumwona mtoto mchanga, una kesi. Kila mwisho wa mwezi daftari lilipanda kwa shefu wa avenyu, kisha kwa shefu wa kartie, ambaye alitia saini na kupiga muhuri chini ya kila ukurasa wenye wageni. Watu wa usalama nao walikuwa na njia yao ya kulisoma.

Mimi nalijua vizuri kwa sababu mwandiko uliomo ni wangu. Mzee wetu, ambaye avenyu nzima ilimwita Papa, macho yalikuwa yamemchoka. Jumapili baada ya misa nilikwenda kwake na kalamu, akanisomea vikaratasi alivyokusanya wiki nzima, nami nikaviingiza. Nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu, binti ambaye hajaolewa, na sikuwa na shughuli nyingine ya Jumapili mchana. Mshahara wa serikali sikuwahi kuuona, si wa Kinshasa wala wa waasi. Wazazi wa watoto ndio walionilipa, kidogo kidogo, kila mwezi, wengine kwa franga na wengine kwa maharage.

Nieleze kidogo jinsi tulivyotawaliwa, maana nimesoma watu wengi wakiandika kwamba mashariki ya Kongo wakati ule hakukuwa na serikali. Ilikuwepo. Vita ilianza hapa hapa Goma tarehe 2 Agosti 1998. Kabla mwezi haujaisha, Kisangani ilikuwa imeanguka, na mwezi wa kumi Kindu nayo ikafuata. Eneo lile lilikuwa kubwa kuliko watu waliokuwa nao wa kuliendesha, kwa hiyo waasi walichukua kilichokuwepo. Ofisi ya meya ilibaki ofisi ya meya, na meza zile zile za enzi za Zaire. Makarani waliitwa warudi kazini, na wengi wakarudi, kwa sababu asiyerudi angekuta kiti chake kimekaliwa na angeulizwa amekimbilia upande wa nani. Mshahara ukabaki ahadi. Kila ofisi ikaishi kwa muhuri wake: jetoni (tikiti ya ushuru) ya soko, kibali cha kusafiri, cheti cha kuzaliwa, ruhusa ya kupakia gari. Shule ziliachwa kwa wazazi na makanisa. Hospitali na vituo vya afya viliachwa kwa parokia na mashirika ya misaada. Barabara za mitaa ziliachwa kwa salongo, kazi yetu ya pamoja ya lazima ya kila wiki, na asiyetokea alilipa faini. Waasi walijishughulisha na askari, mipaka, kodi na madini. Kiongozi wao wa wakati huo, Adolphe Onusumba, hakuficha kwamba madini ya koltani peke yake ilikuwa ikiwaingizia kama dola milioni moja kwa mwezi. Ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa ya mwaka 2001 iliyaandika maneno yake.

Kwa hiyo serikali ilikuwepo, na ilijua una watoto wangapi. Ilikuwa hodari wa kuhesabu. Nilichokiona Januari 2002 ndicho kilichonionyesha hesabu ile inaweza kufanya nini, na ni nani anayepaswa kuishika.

Tarehe 17 ilikuwa Alhamisi, siku ya kumkumbuka Lumumba, hakukuwa na shule. Ardhi ilikuwa imetetemeka mara kwa mara kwa wiki kadhaa. Wazee waliokumbuka mwaka 1977, wakati ziwa la moto la volkano yetu, Nyiragongo, lilipomwagika kwa chini ya saa moja na kuua watu wa vijiji vya mlimani, walikuwa wameanza kulala na viatu miguuni. Mtaalamu wetu wa volkano, Dieudonné Wafula, alikuwa ameandika barua za kuonya. Kituo chao cha uchunguzi kilikuwa maskini kabisa: mitambo ya kupima mitetemeko iliyokuwa ikifanya kazi ilikuwa miwili tu, mmoja Katale na mwingine Bulengo. Nikiweka mitambo hiyo miwili kando ya zile dola milioni moja za mwezi, bado naumia.

Asubuhi mlima ulipasuka ubavuni. Mchana nyufa zikafunguka hadi Munigi, juu kidogo ya uwanja wa ndege, na moto ukaanza kuteremka kuelekea mjini. Kwenye avenyu yetu hakupita gari lenye kipaza sauti. Aliyepita ni Papa, amevaa koti lake la misa, daftari kwapani. Alisimama mlango kwa mlango, akafungua ukurasa wa nyumba, akaita majina. Ukurasa ulimwambia wapi kuna bibi asiyeweza kutembea, wapi kuna mama aliyejifungua wiki iliyopita, nani ana chukudu, kile kigari cha mbao cha kusukuma mizigo. Nilimsikia akimwambia kijana mmoja anayebeba mizigo ya soko: "Mwanangu, leo hubebi viazi. Chukua bibi wa nyumba ya nne, umpandishe hapo juu, umfikishe mpakani." Kijana akaenda bila kuuliza malipo. Ndani ya saa moja avenyu yetu ilikuwa tupu. Sijui mtaa mwingine uliotoka kwa mpangilio kama ule.

Tulivuka bariyeri, kizuizi cha mpakani, kuingia Gisenyi, upande wa Rwanda, pamoja na mji wote. Waliokimbia siku ile wanakadiriwa kuwa kati ya 300,000 na 400,000. Wengine, ambao moto ulikuwa umewakatia njia, walielekea Sake. Usiku tuliona kutoka upande wa pili mbingu ikiwa nyekundu, na moto ukifika ziwani. Wenyeji wa Rwanda walitaka tupelekwe kwenye kambi za Nkamira na Mudende. Watu wa Goma walikataa. Tulikuwa tumeona mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipojaa kwetu, kambi zinavyokuwa, na kila mmoja alitaka kujua nyumba yake imebaki au haikubaki. Jumamosi tulikuwa tayari njiani kurudi, ardhi ingali inatetemeka.

Moto ulikuwa umekata mji vipande viwili. Kanisa kuu, maduka ya katikati, sehemu ya kaskazini ya njia ya ndege, vyote chini ya mawe. Watu zaidi ya 100 walikufa, na wapata 120,000 wakabaki bila makazi. Avenyu yetu iligawanyika: nyumba za juu zimesimama, na za chini zimefunikwa hadi kwenye paa, mabati yakiwa yamejikunja juu ya mwamba mweusi unaotoa moshi. Ilibidi kuvuka juu ya mwamba huo kwenda upande wa pili, na ukisimama kidogo soli ya kiatu ilianza kunuka. Nyumba ya Papa ilikuwa miongoni mwa zilizofunikwa. Daftari alikuwa nalo, amelifunga ndani ya mfuko wa plastiki wa unga, na Gisenyi alikuwa amelilalia kama mto.

Siku zile ndizo serikali ya waasi ilipopwaya kabisa. Askari wao tuliwaona, wengine wakilinda, wengine wakibeba vya watu. Wakubwa tuliwasikia redioni. Lakini ukiuliza nani anapanga maji, jibu ni mashirika na vijana wa Msalaba Mwekundu kandokando ya ziwa, wakitia dawa ndani ya bidoni (madumu ya maji) moja moja. Ukiuliza nani analaza watu, jibu ni parokia, na jirani ambaye nyumba yake imebaki. Jumatatu yake kituo cha mafuta kililipuka katikati ya mji wakati watu wakichota, makumi wakafa. Hakuna aliyekuwa amewazuia.

Ndipo shirika moja la misaada likaja parokiani kwetu na kusema lina shitingi (maturubai ya plastiki), blanketi, bidoni na chakula, na linahitaji orodha ya familia zilizounguliwa, avenyu kwa avenyu. Shefu wa kartie akawaita wazee wa nyumba kumi. Wengi walikuja mikono mitupu. Madaftari yao yalikuwa chini ya mawe. Wetu akaja na mfuko wake wa unga, na mimi nyuma yake na kalamu.

Tulifanya kazi kwenye veranda ya parokia, juu ya dawati la shule. Nilichora safu mpya: imeungua, imebaki, imepokea watu. Mtu akija, anataja jina, nafungua ukurasa, naangalia. Ilikuwa kazi ya polepole na ya machozi. Mama mmoja alitaja watoto watano, nikaona kwenye ukurasa sita, nikanyamaza. Papa akamwuliza kwa sauti ya chini, mama akasema wa sita hajaonekana tangu kwenye bariyeri. Tuliandika sita. Papa alisema mtoto asiyeonekana bado ni wa nyumba hiyo na chakula chake kipokelewe. (Alipatikana, yule mtoto, kwenye nyumba ya masista Gisenyi, na sijui furaha iliyozidi ile niliyoiona siku alipoletwa.)

Ugomvi ulianza kwenye suala la wapangaji. Goma ni mji wa parseli: mtu mmoja ana kiwanja, mbele nyumba yake, nyuma vijumba vya mbao vinne au vitano, na kila kijumba kina familia. Maagizo yaliyofika kutoka kartie yalisema parseli moja, familia moja. Wenye parseli wengine waliyapenda maagizo hayo. Papa hakuyapenda. Alisema moto haukuuliza nani ana karatasi ya kiwanja. Wale wa shirika, walipoonyeshwa daftari na kuona wapangaji wameandikwa kwa majina, wakakubali kila jiko lihesabiwe.

Kisha akaja mjumbe wa ofisi moja ya juu. Sitaitaja. Alikuwa amevaa shati safi siku ambazo sisi sote tulinuka moshi, na mkononi ana karatasi iliyopigwa taipu. Alitaka mambo mawili. La kwanza, wageni wasiingizwe kwenye orodha ya msaada, kwa kuwa si wakazi. La pili, majina ya wageni hao aandikiwe kando, kwenye karatasi yake, pamoja na vijiji walivyotoka.

Wageni wa avenyu yetu walikuwa nani? Wengi wao walikuwa watu wa Masisi, waliokimbia mapigano, wakaja kukaa kwa ndugu, kwa mwezi mmoja uliogeuka kuwa mwaka na zaidi. Walikuwa wamepoteza nyumba mara ya kwanza kwa vita na mara ya pili kwa mlima. Na sasa walitakiwa wapewe karatasi yao peke yao, ambayo haikuwa ya blanketi. Mama mmoja wa kutoka huko, aliyekuwa zamu yake mbele ya dawati, alirudi nyuma hatua moja. Aliniangalia, akasema: "Mwalimu, unaniandika kwa chakula au unaniandika kwa bariyeri?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, na kwa miaka yote ile mimi ndiye niliyekuwa nikiijaza safu ile.

Papa alijibu, lakini alimjibu yule mjumbe. Aliomba daftari, akalifungua kwenye ukurasa wa nyumba ya huyo mama, akaweka kidole. "Soma, mkubwa. Ameingia mwezi wa nne, mwaka 2000. Mwezi wa tano yupo, umepigwa muhuri. Wa sita yupo, muhuri. Wa saba, muhuri." Akafungua ukurasa mmoja mmoja, taratibu, na kila muhuri akausoma. Watu walikuwa wamesogea hadi kwenye ngazi za veranda. "Mlituambia tumwandike kila mwezi, tukamwandika. Mlipiga muhuri kwamba yupo hapa. Muhuri si wangu, ni wenu. Sasa utasemaje hakai hapa?"

Mjumbe alisema safu ile iliwekwa kwa ajili ya usalama. Papa akasema ndiyo, na mwenye njaa naye ni suala la usalama. Mjumbe akanyoosha mkono: alete daftari, litachunguzwa ofisini. Hapo ndipo veranda ilipokuwa kimya kabisa, maana kila mtu alijua daftari likienda huko halirudi, na likirudi halitakuwa lile. Kulikuwa na askari wawili kwenye geti. Padri wa parokia alitoka ofisini kwake akasimama kando ya dawati. Hakusema neno. Yule wa shirika naye akaacha kuandika, akanyanyua kichwa.

Papa alisema: "Daftari ni mali ya ofisi, siwezi kulikataza. Lakini kazi ya leo haijaisha. Mwalimu ataitoa nakala ya orodha, na tutaisoma hapa mbele ya watu, ili wewe mwenyewe ushuhudie kwamba ni sahihi." Alilisema kwa heshima yote, kofia mkononi, kama mtu anayemsaidia mkubwa wake kufanya kazi vizuri. Mimi naamini heshima ile ndiyo iliyotuokoa. Hakumpa sababu ya kukasirika, wala hakumpa daftari.

Nikasimama, nikasoma. Jina la mwenye nyumba, idadi ya watu, imeungua au imebaki. Wapangaji. Wageni nao, ndani ya familia zilizowapokea, bila kutaja kijiji. Nilipofika kwenye majina fulani ambayo yalikuwa yameongezwa asubuhi ile kwa kikaratasi kutoka juu, watu wakaguna. "Huyo hatumjui." "Huyo anakaa Himbi, nyumba yake haikuguswa." Nikayapigia mstari. Mawili matatu yalibaki, kwa sababu wenyewe walikuwepo, na walikuwa na silaha. Mengine yote yalifutwa mchana ule, mbele ya mtu aliyeyaleta, na hakuna aliyeweza kusema ni nani hasa aliyeyafuta, kwa kuwa ilikuwa sauti ya avenyu nzima.

Mjumbe aliondoka na nakala. Karatasi yake ya wageni aliondoka nayo ikiwa tupu. Siku ya kugawa, mama wa Masisi alipokea shitingi moja, blanketi mbili, bidoni na unga, akaweka kidole chake cha wino pale nilipoonyesha.

Nimefikiri sana juu ya mchana ule. Waasi wale walijenga utawala wao juu ya daftari kwa sababu mwenye kujua nani yuko wapi anaweza kumtoza, kumwita salongo, kumkamata. Walipoacha kila kitu kingine kwa wazazi, kwa padri na kwa mashirika, waliacha pia bila kujua watu waliojifunza kuendesha mtaa wenyewe. Papa hakuwahi kuwa mpinzani wa mtu. Alikuwa ametumikia Zaire, akatumikia AFDL, waasi wa Laurent Kabila wa mwaka 1996, akatumikia RCD, na daftari likabadilika jalada tu. Lakini alijua jambo ambalo ofisi za juu hazikulijua: jina likishaandikwa, linaweza kudai.

Ofisi nazo hazikuchelewa kurudi kwenye desturi zao. Watu walipoanza kusawazisha mwamba na kusimamisha nyumba za mbao juu yake, wakaja wengine na risiti za kibali cha kujenga, hata kwa mtu anayejenga pale pale palipokuwa na nyumba yake. Mwishoni mwa Februari wakubwa walikwenda Sun City, Afrika Kusini, kwenye mazungumzo ya Wakongo, na sisi tukawa tunasikiliza redio na kupiga nyundo. Kitu kimoja lakini hakikurudi nyuma: kwenye avenyu yetu, orodha yoyote iliyokwenda komini, ofisi iliyo juu ya kartie, ya msaada, ya chanjo, hata ya salongo, ilisomwa kwanza kwa sauti. Shefu wa kartie alilalamika mara moja mbili kwamba inachelewesha kazi, kisha akazoea, na baadaye nilisikia avenyu za jirani nazo zikidai hivyo hivyo.

Mwaka 2003 serikali ya mpito ilipoundwa, kiongozi wa RCD, Azarias Ruberwa, akaenda Kinshasa kuwa mmoja wa makamu wanne wa rais. Kwetu shefu wa kartie alibaki yule yule. Papa aliniletea daftari jipya nichore kurasa. Nilimwuliza kama safu ya wageni tuiache sasa, vita imekwisha. Alifikiri, akasema iwekwe, na kando yake niongeze nyingine ya saini ya mgeni mwenyewe, asomewe kilichoandikwa juu yake kabla ya kuweka kidole.